Utafikia Wapi?

Kiswahili kina kitenzi kinachobeba safari nzima ya mgeni: kufikia. Aliyefika ameingia mjini tu. Aliyefikia amepata pa kutua begi, pa kuoga na pa kulaza ubavu. Ndiyo maana mtu akishuka kwenye basi Dar es Salaam, swali linalofuata pole za safari ni "Umefikia wapi?" Kwa miaka mingi jibu lake halikuwa la kuchagua. Ulifikia kwa kaka Tandika, kwa shangazi Magomeni, au kwa mtoto wa jirani aliyepanga chumba Manzese. Ukoo ndio uliokuchagulia mtaa, na mwenyeji ndiye aliyejua utoke saa ngapi na upande gari gani.

Siku hizi kuna msafiri mwingine. Anapanda treni ya umeme Dodoma Ijumaa alasiri na jioni hiyohiyo yuko Dar es Salaam, maana tangu 2024 safari iliyokuwa ya kutwa nzima kwa basi imekuwa ya saa zisizofika 4. Anataka siku mbili za bahari, chakula kizuri, labda na mechi, kisha Jumapili arudi kazini. Wengine wa aina yake wanatoka Mwanza, Arusha, Nairobi na Lubumbashi kwa ndege. Hawataki kumbebesha ndugu mzigo, wana fedha ya chumba, nao hupiga simu kuuliza: "Nifikie wapi?"

Sisi wenyeji huwajibu upesi mno. Mwenye uwezo tunamwambia Masaki, mwenye kubana matumizi tunamwambia Sinza, na anayekuja kununua tunamwambia Kariakoo. Majibu hayo yanampima mtu mfuko na kuiacha safari yake bila kuulizwa. Nimeyatoa mwenyewe mara nyingi, na nimeona wageni wangu wakilipa gharama yake. Kwa mtu wa siku mbili, naamini jambo la kwanza kuchagua ni barabara. Mtaa huja baada ya hapo, na hoteli huja mwisho. Wengi huanza na hoteli, kwa picha ya bwawa na bei iliyopunguzwa, kisha hugundua barabara wakiwa wamekwama juu yake.

Tuanze na hesabu. Kuanzia Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumapili saa 12 jioni ni saa 48. Ondoa 16 za kulala, zinabaki 32. Ondoa za kuoga, kufungasha, kusubiri chai na kwenda kituoni kabla ya safari ya kurudi. Ukibaki na 24 za kuutazama mji, umejipanga vizuri. Sasa mweke mtu huyo Kunduchi, ufukweni kaskazini mwa jiji, halafu apange chakula cha jioni Posta siku ya Ijumaa na matembezi ya mjini Jumamosi. Kila safari ya Barabara ya Bagamoyo wakati magari yamejaa inaweza kula saa moja na nusu, na kuna siku inakula mbili. Safari nne za namna hiyo zimemaliza robo ya alichokuja nacho. Mkazi akipoteza saa moja njiani leo, kesho ana nyingine. Mgeni hana kesho ya kufidia.

Ramani ya jiji inaeleza kwa nini iko hivyo. Dar es Salaam imekaa kama kiganja kilichofunguka kutoka bandarini. Kidole cha kaskazini ni Barabara ya Ali Hassan Mwinyi inayoendelea kuwa ya Bagamoyo, ikipita Kinondoni, Mwenge, Mbezi Beach na Tegeta. Kinachofuata ni Morogoro: Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara, hadi Mbezi Luis. Cha tatu ni Nyerere, njia ya uwanja wa ndege na Gongo la Mboto. Cha nne ni Kilwa, kinachoteremka kwenda Mbagala. Watu 5,383,728 waliohesabiwa kwenye mkoa huu mwaka 2022 wanaishi zaidi kwenye vidole hivi, ilhali ofisi nyingi, bandari, soko la Kariakoo na hospitali ya Muhimbili ziko kiganjani. Asubuhi damu huingia kiganjani, jioni hutoka. Anayetaka kuruka kutoka kidole kimoja hadi kingine bila kurudi mjini hutegemea barabara chache zinazokata katikati, yaani Kawawa, Mandela na Sam Nujoma, na karibu magari yote ya mizigo ya bandarini nayo huitegemea Mandela.

Kwa hiyo mgeni ajiulize mambo mawili kabla ya kufungua picha za vyumba. Sehemu nyingi ninazotaka kwenda ziko kidole kipi? Na magharibi ikiingia, nataka niwe wapi? Swali la pili ndilo linaloamua. Kati ya saa 11 na saa 2 usiku, kuhama kutoka upande mmoja wa jiji hadi mwingine ni adhabu, na hizo ndizo saa ambazo joto limepungua, upepo wa bahari umeanza, majiko ya mishkaki yamekolea na mtu aliyekuja kupumzika anatakiwa awe amekaa mahali, si ndani ya gari.

Binamu yangu wa Dodoma alinifundisha hili kwa uchungu. Alikuja na mkewe kusherehekea miaka kumi ya ndoa. Nilipomuuliza anataka nini akasema "bahari", nami nikamwelekeza Kunduchi, kwenye hoteli yenye mchanga mpaka mlangoni. Sikumuuliza mengine. Kumbe shemeji alikuwa ameandika orodha: makumbusho ya taifa, soko la samaki la Feri, vitenge Kariakoo, chakula cha Kihindi alichokula akiwa mwanafunzi miaka ya nyuma kwenye mitaa ya Kisutu. Vyote viko kiganjani, naye nimemlaza ncha ya kidole. Jumamosi walitoka saa 4 asubuhi, wakarudi saa 3 usiku, na bahari waliyoilipia waliiona gizani. "Kaka, hoteli ni nzuri sana," shemeji aliniambia kwa heshima. "Sema tumeiona kwa kulala tu."

Matangazo nayo yana lugha yake. "Dakika 10 kutoka Posta" ni maneno utakayoyakuta kwenye hoteli za Mikocheni, za Msasani, hata za Mbezi. Yanaweza kuwa kweli Jumapili saa 12 alfajiri. Ukipiga simu mapokezi, usiulize umbali wala dakika za jumla. Uliza Ijumaa saa 12 jioni dakika ni ngapi, kisha unyamaze umsikilize anavyovuta pumzi. Wahudumu wa mapokezi wengi hurudi kwao kwa daladala, na ukiwauliza hivyo wanasema kweli.

Hadhi ya mitaa, ile tunayoitoa kwa wageni kama ushauri, ina umri mkubwa kuliko sisi. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga Bandari Salama miaka ya 1860 kando ya kijiji cha wavuvi cha Mzizima, na Wajerumani wakahamishia hapa makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Utawala wao, na wa Waingereza baada yao, uliligawa eneo kwa aina ya nyumba zilizoruhusiwa kujengwa, na kwa hiyo kwa rangi ya watu. Upande wa bahari wenye upepo na bustani ukawa Uzunguni. Maduka na maghorofa yaliyosongamana yakawa Uhindini. Nyumba za udongo na makuti zikawekwa Uswahilini, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ulioachwa wazi kuwa mpaka. Jina la Kariakoo lenyewe ni la wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps, kama lilivyotamkwa na wenye mji. Baadaye Uzunguni ikasogea kaskazini hadi Oysterbay. Majina ya zamani yamefifia, lakini bei za vyumba bado zinafuata mistari ileile: penye upepo na miti ni ghali, penye watu ni rahisi.

Ninaligusa hili kwa kuwa mgeni akiambiwa "mtaa mzuri" anaambiwa mambo matatu yaliyofungwa pamoja: utulivu, usalama na umbali na watu wengine. La kwanza ni kweli. La tatu si kila mtu analihitaji kwenye safari ya siku mbili. Wengine wamekuja hasa kwa ajili ya watu. La pili linahitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Mtaa wa kuta ndefu, mageti na walinzi wa ndani una usalama wa aliye ndani. Ukitoka kutembea saa 3 usiku, kuta hizo hazikusaidii chochote, na wapora mikoba wa pikipiki wanaijua barabara tupu kuliko wewe. Mtaa wenye muuza chipsi, duka la dawa, kijiwe cha bodaboda na kina mama wanaokaanga samaki mpaka usiku una macho mengi. Mtu ataibiwa simu mfukoni Kariakoo mchana, hilo sibishi. Ila ulinzi wa kuta na ulinzi wa macho ni vitu viwili, na anayependa kutembea kwa miguu, hasa mwanamke aliye peke yake, anahitaji zaidi huo wa pili, pamoja na njia fupi yenye taa kutoka barabarani hadi mlangoni kwake.

Sasa mitaa yenyewe. Nianze na ninaouona umedharauliwa kuliko yote: katikati ya jiji, kwa maana ya Kivukoni, Posta, Kisutu na Upanga kwa pamoja. Watu hupaita mahali pa kazi na kupaacha hapohapo. Lakini ukilala hapa unaweza kutumia miguu, jambo ambalo ni adimu Dar es Salaam. Kanisa la Azania Front na la Mtakatifu Yosefu, yote mawili ya mwanzoni mwa karne ya 20, yanatazama bandari na hayako mbali. Boma la Kale lililojengwa enzi za Majid lipo jirani. Sanamu ya Askari imesimama hapahapa katikati tangu 1927. Bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani na makumbusho ya taifa Mtaa wa Shaaban Robert viko umbali wa kutembea asubuhi moja bila haraka. Boti za Zanzibar zinaondokea Sokoine Drive, na anayetaka ile ya asubuhi ya saa 1 hana sababu ya kulala kwingine kokote. Stesheni ya treni ya umeme nayo iko upande huuhuu. Usiku, mitaa ya Kisutu, Jamhuri na Zanaki inanuka mkaa, kuku wa kuchoma na viungo, familia zinakaa nje na watoto wanakunywa juisi ya miwa.

Katikati ina kasoro kubwa, nayo inaitwa Jumapili. Mwaka mmoja nilimfikisha shangazi yangu kutoka Tanga kwenye hoteli safi ya Posta, mlango wa pili na benki. Jumamosi mchana alifurahi. Jumapili asubuhi akanipigia simu: "Baba, mbona mji umehamwa?" Maduka yamefungwa, migahawa ya wafanyakazi wa ofisi imefungwa, vibaraza vimebaki na walinzi na kunguru. Tangu siku hiyo nawaambia watu kwamba katikati ya jiji ni mahali pa Ijumaa na Jumamosi usiku, na kwamba ndani ya katikati wachague upande wa wakazi, yaani Kisutu na hasa Upanga, waukwepe upande wa ofisi. Upanga ni maghorofa ya watu wanaoishi pale miaka yote, ina miti, ina maduka ya vyakula yanayofunguliwa Jumapili, na ufukwe wa Ocean Road uko nyuma yake. Wengi hulala huko kwa sababu ya mgonjwa Muhimbili na huondoka wakiuhusisha mtaa na hospitali. Ni haki yao. Lakini kwa wanandoa au kwa mzee anayetaka utulivu bila kuwa mbali na chochote, sijaona penye mizani bora.

Tena Upanga umefaidika na Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022 na kupita juu ya bahari kwa kilomita moja hivi, kutoka karibu na Hospitali ya Aga Khan hadi upande wa Coco Beach. Kabla yake, karibu kila gari la kwenda Oysterbay lilibanwa kwenye Daraja la Selander. Sasa mtu wa Upanga anafika Coco Beach kula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na kachumbari, kisha anarudi, kwa muda ambao zamani ungeishia kwenye taa za Selander. Na akienda kaskazini asubuhi na kurudi mjini jioni anakwenda kinyume cha magari ya wafanyakazi siku nzima. Hiyo ndiyo faida ya kulala kiganjani: wenzako wanaingia wewe unatoka, wanatoka wewe unaingia.

Masaki na Oysterbay nayaheshimu kwa kile yanachotoa kweli: upepo, vyumba vizuri, migahawa ya mataifa mengi, machweo ya jua upande wa Msasani. Rasi ile imezungukwa na maji pande tatu, na hilo lina maana kubwa kuliko wageni wanavyodhani. Ukiwa ndani umo, na njia za kutoka ni chache. Mtu atakayekula, kuogelea, kutazama bahari na kulala, vyote ndani ya rasi, na kupanda boti ya kwenda kisiwa cha Bongoyo kutoka Msasani, amechagua vizuri na alipe bila kujuta. Aliyekuja kwa harusi Ubungo, mechi Temeke au vitenge Kariakoo atakuwa analipa bei ya bahari ili aione kupitia kioo cha teksi. Jumapili alasiri kuna jambo la ziada: nusu ya jiji hushuka Coco Beach na barabara ya ufukweni husimama. Kama treni yako ni ya jioni, toka mapema.

Sinza ni kesi tofauti kabisa. Viwanja vyake vilipimwa miaka ya 1970 katika mpango wa kuwapa watu wa kipato cha kawaida ardhi yenye barabara na maji, na wengi wao wakageuza nyumba kuwa biashara, ndiyo maana gesti zimejaa kila mtaa. Kuna kituo kinaitwa Sinza kwa Remmy, kwa jina la Remmy Ongala, mwanamuziki aliyezaliwa Kongo na kuwa wetu kabisa. Jina hilo linakupa harufu ya mahali: bendi, nyama choma, ndizi, mazungumzo mpaka usiku wa manane. Bei ni nafuu, Mlimani City iko jirani, vinyago vya Kimakonde vya Mwenge viko karibu, na Kijiji cha Makumbusho cha Kijitonyama chenye nyumba za makabila mbalimbali hakiko mbali. Kwa kundi la vijana wanaotaka raha ya mji ulivyo, siwezi kuwapeleka kwingine. Ila muziki wa baa ukikutana na dirisha lako, Ijumaa na Jumamosi hutalala. Nawashauri waombe chumba cha nyuma, ghorofa ya juu, na wapite mbele ya gesti usiku kabla ya kulipa, kama wana mwenzao aliyeko mjini wa kuwapitia.

Sinza inanufaika pia na mwendokasi, kwa kuwa Barabara ya Shekilango inaishia Morogoro. Njia ya kwanza ya mabasi hayo, ya kilomita 20.9, ilianza kazi mwaka 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco. Kwa mgeni, vituo vyake ni vya thamani kuliko nyota za hoteli: basi lina njia yake na halisubiri gari dogo lihame. Kwenye saa za wafanyakazi linajaa hadi mlango unafungwa kwa kusukumana, hivyo mwenye mzee au mtoto asilitegemee saa 11 jioni. Lakini saa 4 asubuhi ndilo gari bora la mjini, na chumba cha Magomeni au cha Morocco kilicho mita 200 kutoka kituoni kinashinda kizuri zaidi kilichojificha ndani ya mtaa usiopitika.

Kariakoo nampa mfanyabiashara bila kusita. Anayetoka Lubumbashi, Lusaka, Moroni au Bujumbura kununua bidhaa alale juu ya bidhaa. Ataokoa saa na nauli za kubeba mizigo. Jengo la soko lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, lile lililoungua Julai 2021, lilikuwa moyo tu. Mwili ni mitaa ya Kongo, Mchikichi, Swahili na Msimbazi, na yote inauza. Kwa anayetafuta mapumziko, Kariakoo ni mahali pa kutembelea asubuhi na kuondoka. Gari halifiki mlangoni mchana, na alfajiri utaamshwa na mikokoteni.

Mitaa ya karibu na uwanja wa ndege, Kipawa na Tazara, ni ya mtu mwenye ndege ya alfajiri. Basi.

Anayekuja kwa basi la mkoani ana tatizo lake. Tangu 2021 kituo kikuu kiko Mbezi Luis, ambako hata Kimara hujafika, na ukishushwa saa 3 usiku umechoka, kishawishi cha kuchukua gesti ya kituoni ni kikubwa. Kwa usiku mmoja si kosa. Kwa siku mbili ni kulala mlangoni mwa nyumba bila kuingia.

Ufukwe unahitaji maelezo yake, kwa sababu ndio unaouza vyumba vya Mbezi Beach, Kunduchi na Kigamboni, na ndiko wageni wa bara hudanganyika zaidi. Bahari yetu ina ratiba. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana katikati ya asubuhi na kujaa alasiri kuelekea magharibi. Mgeni aliyepanga kuogelea saa 4 asubuhi siku hizo atakuta mchanga, mwani na mashua zimelala ubavu, na maji yako mbali. Siku za maji mafu tofauti kati ya kupwa na kujaa ni ndogo. Mtu wa pwani hujua hili bila kuambiwa. Wa Dodoma hana namna ya kulijua, na hakuna tangazo la hoteli litakalomwambia. Kabla ya kulipia chumba cha ufukweni, tazama mwezi. Kama wikiendi yako ni ya bamvua, panga mji asubuhi na bahari alasiri, na hapo kulala Upanga au Masaki kunaweza kufaa kuliko kulala Kunduchi.

Kigamboni ingekuwa chaguo zuri zaidi kama si suala la kuvuka. Pantoni kutoka Magogoni ni mwendo wa dakika chache na mandhari yake ya bandari ni ya kukumbukwa. Daraja la Nyerere la mita 680, lililofunguliwa 2016, linakupitisha kutoka Kurasini kwa tozo. Upande wa pili fukwe ni pana na watu ni wachache. Lakini jioni unarudi pamoja na wakazi wote wa Kigamboni, kwa hiyo anayekwenda huko aende kubaki: siku mbili za bahari, vitabu na samaki, na mji akauone safari nyingine.

Kuna maji mengine pia, ya mvua. Bonde la Mto Msimbazi pale Jangwani, kati ya Magomeni na Kariakoo, limefurika mara nyingi wakati wa masika na vuli hadi Barabara ya Morogoro ikafungwa na mwendokasi ukasimama. Siku hiyo kidole chote cha Morogoro hukatika kwenye kiganja, na wote hukimbilia Kawawa na Mandela. Anayekuja Aprili, au Novemba yenye wingu zito, nisingemshauri alale ng'ambo ya Jangwani akiwa na boti, treni au ndege ya kuwahi. Mwezi Julai ushauri uleule hauna uzito.

Na asitazame kalenda ya mvua peke yake. Simba na Yanga zikikutana Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, Chang'ombe na Temeke nzima hujaa tangu mchana, na barabara za Kilwa, Mandela na Nyerere zote huhisi. Shabiki aliyekuja kwa mechi na alale upande huo, Kurasini au Chang'ombe, arudi kwa miguu akiimba au amenuna. Asiye shabiki, mwenye ndege ya saa 1 usiku siku hiyohiyo, aondoke hotelini kabla mechi haijaanza.

Binamu na shemeji wanarudi Novemba. Safari hii nimeuliza maswali kabla ya kutaja mtaa. Wanataka Kisutu Ijumaa usiku, kisiwa cha Mbudya Jumamosi, makumbusho na Feri Jumapili kabla ya treni. Nimewatafutia chumba Upanga, ghorofa ya tatu, mbali na taa za barabarani. Nimeangalia mwezi: Jumamosi hiyo ni maji mafu. Watatoka saa 1 asubuhi kwenda Kunduchi kuchukua boti, wakati magari yanaingia mjini wao wanatoka, na saa 9 wawe wameshaanza kurudi. Wingu likiwa zito tutabadilisha, tutaanza na makumbusho. Shemeji ameniuliza abebe nini. Nimemwambia abebe kikoi cha ziada, kwa kuwa boti za Mbudya hurusha maji.